Mafunzo ya Dini kwa Watu wa Nyumbani: Zaka, Nguzo Isiyo na Shahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, waume kwa wake, na nyinyi vijana wetu. Kazi ya ukurasa huu ni kueleza yale mambo ya msingi ya dini ambayo haimfai Mwislamu kuishi bila ya kuyajua. Kabla ya kuingia katika jambo la leo, na tuukumbuke kwanza msingi wenyewe.

Imani ya Mwislamu ina nguzo sita: kumwamini Mwenyezi Mungu, na Malaika wake, na Vitabu vyake, na Mitume wake, na Siku ya Mwisho, na kuamini kuwa kheri na shari zote ni kwa kudra yake. Ama Uislamu wenyewe una nguzo tano: kutoa shahada, kusimamisha sala, kutoa zaka, kufunga mwezi wa Ramadhani, na kuhiji Makka kwa mwenye kuweza. Yote haya yamekusanywa katika hadithi moja mashuhuri aliyoipokea Sayyidna Umar (R.A.), nayo imo katika Sahihi ya Muslim: Malaika Jibrili alimjia Mtume (S.A.W.) kwa sura ya mtu mgeni, akakaa mbele yake, akamwuliza juu ya Uislamu, kisha juu ya Imani, ili sahaba wasikie majibu wajifunze dini yao.

Imani hukaa moyoni, mahali pasipofika macho ya watu. Vitendo ndivyo vinavyoishuhudia. Basi leo twataka kuzungumza juu ya kitendo kimoja katika hivyo, nacho ni zaka. Na sababu ya kukichagua ni swali nililoulizwa na mtoto.

Jioni moja nilikuwa nasomesha chuoni. Nikawataka wanafunzi wanitajie nguzo za Uislamu. Wakazitaja wote kwa sauti moja, wakihesabu kwa vidole, wala hakukosea hata mmoja. Nikafurahi. Nikawauliza: "Nani kati yenu amemwona baba yake akisali?" Mikono yote ikainuka. "Nani amewaona watu wa kwao wakifunga Ramadhani?" Ikainuka tena yote. "Nani ana mtu katika ukoo wake aliyekwenda Hija?" Ikainuka minne au mitano. Kisha nikauliza: "Na nani amemwona baba yake au mama yake akihesabu zaka?"

Pakawa kimya. Baada ya kutazamana, mtoto mmoja akasema: "Maalim, sisi siku ya Idi hutoa pishi za mchele."

Nikamwambia: "Hiyo ni zaka ya fitri, mwanangu. Mimi nimeuliza zaka ya mali."

Akastaajabu: "Kwani ziko mbili, Maalim?"

Na kabla sijamjibu huyo, mwenziwe aliyekaa nyuma akauliza kwa adabu: "Na wewe, Maalim, huhesabu yako lini?"

Ndugu msomaji, nilimpa jibu la kupitisha wakati, nikafunga darasa. Lakini njia nzima ya kurejea nyumbani swali lile lilikuwa likinifuata. Mimi si tajiri, ila nilikuwa na akiba niliyoiweka kidogo kidogo kwa ajili ya kujenga nyumba, na miaka mitatu ilikwisha kuipitia. Nilikuwa nimesomesha mlango wa zaka mara nyingi, wala sikupata kukaa hata siku moja nikaihesabu akiba ile. Nilipomweleza mke wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Bwana, kila mwaka twakaa hapa tukahesabu mabati na saruji tutakavyonunua kwa fedha hizo. Fungu la mafakiri hatukulihesabu hata mara moja."

Sikuwa na la kumjibu.

Kwa nini zaka ndiyo isahauliwe?

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na sababu niliyoiona ni hii. Nguzo nyingine zina mashahidi. Asiyesali, majirani humkosa msikitini. Anayekula mchana wa Ramadhani huona haya, hujificha. Aliyehiji hupokewa kwa shangwe, akaitwa Haji mpaka kufa kwake. Ama zaka haina mnara wala mwadhini. Hakuna jirani ajuaye kiasi gani kimo sandukuni mwako, wala hakuna jina la heshima apewalo mwenye kuitoa. Mtu aweza kuiacha miaka arubaini naye yu katika safu ya kwanza msikitini, na watu wakamhesabu kuwa ni mchaji Mungu. Ni nguzo ambayo mara nyingi haina shahidi illa Mwenyezi Mungu na mafakiri. Na fakiri hajui alichonyimwa.

Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu haikuwekwa nyuma hata kidogo. Katika Kurani, sala na zaka zimetajwa pamoja mahali pengi, kama ndugu wawili wasioachana. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemeni, alimwagiza awaite watu kwanza kwenye shahada, wakikubali, awajulishe sala tano, wakikubali, awajulishe kuwa Mwenyezi Mungu amewafaradhia sadaka, ichukuliwe kwa matajiri wao irejeshwe kwa mafakiri wao. Tena akamwonya asichague mali zao zilizo bora kabisa, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Mtume (S.A.W.) alipofariki katika mwaka wa 11 wa Hijra, yaani mwaka 632, baadhi ya makabila ya Waarabu walisema: tutasali, lakini zaka hatutoi. Sayyidna Abu Bakar (R.A.) akakata shauri kupigana nao. Sayyidna Umar (R.A.) mwanzo aliona vigumu kupigana na watu wanaotamka shahada. Lakini Abu Bakar alimjibu kuwa atapigana na kila anayetenganisha sala na zaka, kwani zaka ni haki ya mali, hata kama walichokizuia ni kitu kidogo kabisa walichokuwa wakimpa Mtume. Baadaye Umar mwenyewe alikiri kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa haki. Basi na tujiulize: wale walikataa kwa ndimi zao, sisi tunaosahau mwaka baada ya mwaka, je, fakiri wetu amepata nini zaidi ya fakiri wao?

Zaka ni nini, na humlazimu nani?

Neno zaka katika lugha ya Kiarabu lina maana ya kukua na maana ya kutakasika. Katika Sura ya Tawba, aya ya 103, Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake achukue sadaka katika mali za waumini, iwasafishe na kuwatakasa. Basi mtoaji asidhani kuwa yeye ndiye anayemfadhili fakiri. Fakiri amechukua haki yake, na mtoaji amesafishiwa mali yake.

Zaka ya mali humlazimu Mwislamu aliye huru ambaye mali yake imefika nisabu, yaani kile kiasi ambacho chini yake zaka hailazimu. Na katika fedha, wanyama na biashara, hutakikana pia upite mwaka mmoja wa Kiislamu, ambao ni pungufu ya mwaka wa kizungu kwa siku kama 11. Mambo yenyewe ni haya:

Dhahabu na fedha. Nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, ambazo ni kama gramu 85. Na ya fedha ni dirhamu 200, ambazo ni kama gramu 595. Kinachotolewa ni fungu moja katika 40, yaani 2.5 kwa mia. Noti na sarafu za leo zimeingia katika hukumu hii, ziwe sandukuni, benki au katika simu. Wako wanavyuoni wanaozipima kwa thamani ya dhahabu, na wako wanaozipima kwa thamani ya fedha, ambayo ni ndogo zaidi, kwa kuwaonea huruma mafakiri. Mwulize sheikh wako, kisha uulize bei ya siku ile kwa sonara.

Mapambo ya wanawake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, dhahabu ambayo mwanamke huivaa kwa kiasi cha kawaida haina zaka. Kwa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa ina zaka. Ama dhahabu iliyowekwa kuwa ni akiba, wala si ya kuvaliwa, hiyo ina zaka kwa wote.

Biashara. Mwenye duka ahesabu bidhaa zake kwa bei ya siku ile mwaka unapotimia. Meza, kabati na mizani havihesabiwi. Mfano: mtu ana bidhaa za shilingi 24,000,000, na fedha taslimu shilingi 10,000,000, na madeni anayodai kwa watu wenye kulipa shilingi 6,000,000, naye hadaiwi na mtu. Jumla ni 40,000,000. Agawe kwa 40. Zaka yake ni shilingi 1,000,000. Hesabu hii haizidi saa moja kwa mwenye daftari iliyoandikwa vizuri.

Mazao. Nafaka zinazoliwa na kuwekwa akiba, kama mchele, mahindi na mtama, na jamii ya kunde, nisabu yake ni wasaki 5, ambazo ni pishi 300 kwa pishi ya Mtume. Ni kama kilo 600 na zaidi, baada ya kukaushwa na kusafishwa. Zilizostawi kwa mvua hutolewa fungu moja katika 10. Na zilizonyweshwa kwa gharama, fungu moja katika 20. Mazao hayangoji mwaka. Zaka yake hulazimu katika mavuno. Ama karafuu na nazi, kwa Imamu Shafi hazina zaka ya mazao, kwa kuwa si chakula cha kujikimu. Lakini mwenye shamba asifurahi mapema: fedha aliyouzia karafuu zake, ikifika nisabu na ikalala kwake mwaka, itamdai.

Wanyama. Wanyama wanaochungwa katika malisho ya wazi, nisabu yake ni ngamia 5, na zaka yao ni mbuzi mmoja. Ng'ombe 30, na zaka yao ni ndama wa mwaka mmoja. Mbuzi au kondoo 40, na zaka yao ni mmoja.

Ama zaka ya fitri, ambayo mtoto yule aliitaja, hiyo ni ya kichwa wala si ya mali. Hutolewa mwisho wa Ramadhani, kabla ya sala ya Idi, kwa kila mtu aliyemo nyumbani, mkubwa na mdogo, pishi moja ya chakula kinacholiwa katika mji. Nayo ni wajibu. Lakini haiwezi kusimama mahali pa zaka ya mali, kama sala ya Idi isivyoweza kusimama mahali pa sala ya alfajiri.

Hupewa nani?

Mwenyezi Mungu hakuwaachia watu wajigawie wapendavyo. Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, amewataja wenye haki kuwa ni watu wa namna nane: mafakiri; masikini; wanaoikusanya na kuigawa; wanaotiwa nguvu nyoyo zao katika Uislamu; kukomboa watumwa; wenye madeni yaliyowashinda; walio katika njia ya Mwenyezi Mungu; na msafiri aliyekatikiwa.

Mtu hampi zaka baba yake, wala mama yake, wala mtoto wake, ambao kuwalisha kwao ni juu yake. Wala mume hampi mkewe. Lakini ndugu yake, shangazi yake au mjomba wake aliye fakiri, ambaye hakulazimishwa kumlisha, aweza kumpa, naye hupata thawabu mbili: ya sadaka na ya kuunga ukoo. Kwa hiyo usitazame mbali. Pengine mwenye haki yako ni mjane wa nyumba ya tatu, ambaye hapigi hodi kwa mtu kwa sababu ya haya.

Nyudhuru tatu

Nimezungumza na watu wengi tangu siku ile, na nyudhuru nilizozisikia ni tatu.

Wa kwanza husema: "Mimi si tajiri." Ndugu yangu, umehesabu? Sheria haikusema tajiri ni mwenye gari na nyumba ya ghorofa. Imesema ni mwenye nisabu. Wako watu waliokwisha kuifika zamani nao bado wajihesabu kuwa ni masikini. Hesabu kwanza, ikiwa hujafika, utalala umetulia.

Wa pili husema: "Mimi kila Ijumaa huweka sarafu juu ya meza ya dukani, kila mwombaji apitaye huchukua." Hilo ni jema, na Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini hiyo ni sadaka ya kupenda, na zaka ni faradhi. Faradhi hutaka nia na hutaka kiasi. Mwenye kudaiwa elfu hawezi kumwambia mdai wake: nimekuwa nikiwapa watoto wako peremende.

Wa tatu husema: "Serikali imekwisha kunitoza kodi." Kodi hulipia barabara, shule na hospitali, na sote twafaidika nazo, hata wewe mwenyewe mtoaji. Zaka ni ibada, ina nia yake, ina kiasi chake, na ina wenyewe waliotajwa katika Kitabu. Moja haiondoi nyingine.

Na jambo moja la kuogopesha. Zaka iliyopita haifutiki kwa kupita mwaka, ni deni. Mtu akifa nayo, kwa madhehebu yetu yatakikana itolewe katika mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana. Ni warithi wangapi waijuao? Na ni marehemu wangapi waliowaandikia? Tunawaachia watoto wetu nyumba na mashamba, na ndani yake mna haki za watu ambao hatukuwataja.

Zaka ikitolewa hufanya nini?

Si jambo la ndoto. Sayyidna Umar bin Abdul Aziz alitawala tangu mwaka 717 mpaka 720, muda usiofika miaka mitatu. Imepokewa kwamba mjumbe wake, Yahya bin Said, alitumwa kukusanya zaka upande wa kaskazini wa bara letu hili la Afrika. Akaikusanya, kisha akatafuta mafakiri wa kuwapa, asipate wa kuipokea. Basi akainunulia watumwa akawaacha huru. Nchi ile haikuwa na mali kuliko nchi zote za duniani. Ila kila mwenye kudaiwa alilipa, na kilicholipwa kilifika kwa mwenyewe.

Basi tufanye nini?

Nawaomba kila mwenye nyumba achague siku moja katika mwaka wa Kiislamu iwe ndiyo siku ya hesabu ya nyumba yake. Akae na mkewe, kwani mke naye ana mali yake na zaka yake mbali. Na awaite watoto wakae karibu. Karatasi moja yatosha: fedha iliyopo, dhahabu ya akiba, bidhaa, madeni. Jumla igawanywe kwa 40. Aliyepitiwa na miaka asiyoitolea, aanze kuilipa mwaka baada ya mwaka kama alipavyo deni lolote, na amwombe Mola wake msamaha. Na mtoto mmoja apewe kazi ya kuandika hesabu, ili siku akiulizwa na mwalimu wake apate la kusema.

Ama mimi, tulihesabu usiku uleule, mimi na mama watoto, tukatoa ya miaka mitatu. Mabati yakapungua, na nyumba ikachelewa. Wiki ya pili yake nilirejea chuoni, nikamwita yule kijana aliyekaa nyuma, nikamwambia mbele ya wenziwe: "Uliniuliza swali nami sikukujibu. Jibu ni hili: siku yangu ni mwezi mosi Muharram, na mwaka huu ndio wangu wa kwanza." Akainamisha kichwa kwa haya. Nikamwambia asione haya. Mwenye kustahiki haya alikuwa mimi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyoyo za kuijua haki ya wengine iliyomo mikononi mwetu, na mikono myepesi ya kuitoa kabla ya siku ambayo mali haitafaa kitu. Amin.